Jino la Mwalimu wa Subira

Kanisani walimwita Mwalimu wa Subira, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Kila Jumatano alasiri alifundisha darasa lake la Kumngojea Bwana, masomo thelathini kamili, na aliyechelewa dakika tano alikuta mlango umetiwa komeo. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Chai ikikawia kuchemka alifunua sufuria kila baada ya nusu dakika, kana kwamba maji yataona aibu na kuharakisha. Kwa kinyozi hakuwahi kukaa kwenye benchi la wanaosubiri. Alisimama nyuma ya anayenyolewa na kupumua kwa nguvu mpaka mtu wa watu akaondoka amenyolewa nusu kichwa. Kanisani mwenzake akipewa zamu ya kuomba, Mwalimu alifungua jicho moja na kutazama saa.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na mitano alishonea kwenye chumba cha mbele, cherehani ya miguu imesogezwa dirishani, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni na pini mbili tatu zimebanwa midomoni. Watu wote walimwita Fundi, mchungaji akiwemo. Alikuwa na macho ya kupitisha uzi kwenye tundu la sindano huku akikugombeza kwa kunenepa tangu alipokupima mara ya mwisho. Kisha ukungu ukaanza. Taa zikaota manyoya, nyeusi na buluu zikawa rangi moja, na siku moja sindano ya cherehani ikamchoma kidole cha shahada ikatokea upande wa pili.

Wifi yake, dada wa Mwalimu, alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, na ndiye aliyemshika mkono akampeleka. Daktari akammulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeshaiva. Upasuaji wake si mkubwa, hauzidi nusu saa, na timu ya macho ipo kila Alhamisi. Ila asikae nalo sana. Likiiva kupita kiasi huanza kuuma na kuharibu jicho lenyewe, na hapo daktari hana tena cha kumpa mgonjwa ila pole. Wifi mtu akaandika jina lake kwenye orodha ya Alhamisi iliyofuata.

Fundi alirudi nyumbani roho nyeupe. Alikuwa ameomba mwaka mzima juu ya macho yale, na sasa aliona amejibiwa. Kwani Mungu hawezi kujibu kwa Alhamisi? Akamweleza mumewe mezani. Mwalimu akamaliza kutafuna, akafuta midomo, akavaa ule uso wake wa Jumatano.

"Kisu? Tukimbilie kisu kabla Mungu hajapewa nafasi?"

"Nafasi amepewa mwaka mzima, Mwalimu."

"Mwaka ni nini mbele zake? Subira, mke wangu. Wakati wake haujafika. Ukifika utajua."

"Nitajuaje, na sioni?"

Mwalimu hakupenda utani kwenye mambo ya kiroho, akaondoka mezani.

Kanisa lao lilikuwa na desturi moja ambayo bila kuelezwa mtu hawezi kuelewa yaliyofuata. Iliitwa shukrani ya awali. Mwenye haja hakuomba. Alisimama Jumapili mbele ya watu akashukuru kana kwamba ameshapokea. Waumini walipiga makofi matatu, katibu akaandika kwenye kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, na tangu hapo jambo lilihesabiwa kuwa limekwisha, limebaki kutokea tu. Aliyethubutu kuhangaika nalo kwa njia nyingine baada ya kuandikwa alisemwa kwamba amempita Mungu njiani. Palikuwa na dereva mmoja aliyeshukuru kwa kazi mpya, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kukaa nyumbani bila kuandika hata barua moja ya kuomba kazi, asije akampita.

Basi Jumapili Mwalimu akasimama, akakohoa, akainua mikono.

"Namshukuru Mungu aliyemponya mke wangu macho! Anaona! Bila kisu!"

Fundi, aliyekaa benchi la akina mama, aliisikia habari ya kupona kwake mara ya kwanza pamoja na kanisa zima. Makofi yakapigwa, moja, mbili, tatu. Alitazama kule sauti ilikotokea akaona kitu kirefu chenye koti. Katibu alikuwa ameshaanza kuandika.

Alhamisi ikapita, Fundi yuko nyumbani. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakushika mkoba akaenda. Kuna mambo mawili. La kwanza, kwenda kulazwa kwa ajili ya macho yaliyokwisha kuponywa ni kumfanya mumewe mwongo mbele ya watu, na yeye hakuwahi kumwaibisha mumewe. La pili lilimuuma zaidi: aliogopa kwamba labda ni kweli. Labda Mungu alikuwa njiani kabisa, amebakiza hatua mbili, na imani yake yeye Fundi ndiyo ndogo, ndiyo inayomchelewesha. Alikaa na hofu hiyo kila siku mbele ya cherehani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Kazi ya kuona ikaanza. Baada ya ibada akina mama walimzunguka, mmoja akainua vidole. "Mama, hivi vingapi?" Mwalimu, aliyesimama kando, alikohoa mara mbili. "Viwili!" akasema Fundi, na vigelegele vikapigwa. Mchezo huo uliendelea wiki nyingi na ulikwenda vizuri, isipokuwa Jumapili moja ambapo Mwalimu alikuwa na mafua ya kweli, Fundi akahesabu vidole saba kwenye mkono mmoja. Wakacheka wakasema Fundi naye ana mzaha. Umoja wa akina mama ukampa heshima ya kusoma neno. Akasimama akalighani lote kwa kichwa kama alivyofundishwa utotoni, bila kukosea hata nukta, na aliporudi kukaa jirani yake akamnong'oneza kwamba alichokuwa ameshika ni kitabu cha nyimbo.

Kushona hakuacha. Alishona kwa vidole, akipapasa pindo, akihesabu vifungo kwa kucha. Baadhi ya wateja wa mtaani walianza kupotea mmoja mmoja, wale wa kanisani wakabaki, naye akaona hiyo ni dalili ya upendo.

Wifi yake alikuja kila mwezi na maneno yale yale. "Wifi, jina lako nimelihamisha mara ya tisa sasa. Daktari ameanza kuuliza kama huyu mtu yuko kweli au nimemtunga." Kisha mara ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Mwezi wa kumi na tatu, siku ya Ijumaa, Fundi akamwambia kwa sauti ndogo kwamba jicho la kulia limeanza kuuma kwa ndani.

Wifi mtu akaketi. "Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Daktari alikwambia likianza kuuma nini kinafuata?"

"Alinambia."

"Basi usinifanye nikuambie tena. Alhamisi ijayo, wifi. Zaidi ya hapo sihamishi jina la mtu, nalifuta."

Jioni ile Fundi akapiga moyo konde akamwambia mumewe. Mwalimu akafurahi. Akafungua daftari lake, akamsomea somo la kumi na nne, kwamba maumivu hayo ndiyo mtihani wa mwisho kabisa, na aliyefika hapo akaona kisu ni sawa na mtu aliyesafiri siku nzima akashuka kituo kimoja kabla. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekasirika, na mara ile hakuionea aibu hasira yake.

Kesho yake, Jumamosi mchana, Mwalimu aliuma mfupa.

Gego la nyuma lilipasuka kwa sauti ambayo hata Fundi aliisikia upande wa pili wa meza. Mwalimu alisimama, akakaa, akasimama tena, akazunguka meza mara tatu. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akatia karafuu, akalala, akaamka, akalaumu mfupa, akamlaumu mwenye bucha, akamlaumu mbuzi mwenyewe. Ilipofika saa kumi shavu lilikuwa limejaa na jicho la upande ule limekuwa dogo.

"Jumatatu alfajiri niko mlangoni kwa daktari wa meno," akasema. "Wakifungua wanikute."

Fundi aliinua uso kutoka kwenye pindo alilokuwa akilipapasa. "Na wakati wa Mungu, Mwalimu?"

"Mama, usinichanganye. Hili ni jino!"

Neno lile lilimkata Fundi maini. Aliendelea kushona, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na mitatu ile hofu yake, ya kwamba huenda imani yake ndiyo ndogo, haikuwepo tena.

Jumapili mchungaji alipouliza nani ana shukrani, Fundi alisimama. Alikuwa mama mkimya, hivyo kanisa likatulia.

"Namshukuru Mungu aliyemponya mume wangu jino," akasema. "Jana lilipasuka, lilimtesa, mmeliona shavu lake. Lakini limepona. Bila koleo!"

Upande wa wazee kulisikika mlio mdogo kama wa bawaba iliyokauka. Makofi yakapigwa, moja, mbili, tatu, na kalamu ya katibu ikakwaruza. Mchungaji alishuka madhabahuni akamkumbatia Mwalimu kwa furaha, shavu kwa shavu, upande ule ule. Machozi yakamtoka Mwalimu, na kanisa likasema amina kwa kuguswa.

Baada ya ibada kulikuwa na chai ya moto na karanga. Mchungaji mwenyewe alimletea kisahani. "Tafuna, Mwalimu, watu waone utukufu!" Watu walikuwa wamesimama duara, wakitabasamu, wakingoja. Mwalimu akajikaza kisabuni. Akatia karanga moja, akaiviringisha kwa ulimi kuelekea upande mzima, ikateleza. Walioshuhudia wanasema hawajapata kuona mtu akifurahi hadi kupiga magoti namna ile.

Jumatatu hakwenda kwa daktari, maana angekwendaje? Mlinzi wa lango la hospitali alikuwa mwimbaji wa besi kwenye kwaya yao, mtu mwema mwenye kinywa kikubwa. Jumanne alijaribu. Alivaa miwani myeusi na kofia akainamisha kichwa, akapita katikati ya kundi la wagonjwa. "Mwalimu!" mlinzi akaunguruma kwa besi. "Umekuja kutembelea wagonjwa? Jino likoje?"

"Limepona," akasema Mwalimu, akageuza pale pale langoni akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano alifundisha darasa lake amejifunga skafu hadi masikioni. Dada mmoja mpya, asiyejua lolote, alinyoosha mkono akauliza kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, mtu akiwa na maumivu makali, atajuaje kwamba wakati wa Mungu umefika?" Mwalimu akakaza skafu shavuni. Kisha akasema tufunge kwa sala, na darasa la saa nzima likaisha kwa dakika tisa.

Alimkuta mkewe kwenye cherehani, jua la alasiri likiingia dirishani. Akavuta kigoda akakaa karibu yake, jambo ambalo hakulifanya tangu wakiwa wachumba.

"Mke wangu. Nenda kwa katibu akafute."

"Kilichoandikwa kinafutwa?"

"Nakufa, mama."

"Subira. Labda umebakiza kituo kimoja."

Maneno ni ya Mwalimu mwenyewe, na yalikuwa yakimuuma kuliko jino. Alipofungua mdomo tena sauti ilikuwa ya chini, haina Jumatano ndani yake.

"Ulifanya makusudi."

"Ndiyo," akasema Fundi, akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Lako lina siku tano, umezunguka meza mpaka umelichosha zulia. Langu lina miezi kumi na mitatu. Nimehesabu vikohozi vyako kama mtoto wa shule. Nimesema naona, nimesema naona, mpaka usiku nikiomba nashindwa kumwambia Mungu ukweli, nikaogopa hata yeye atashangaa. Jicho linakufa, Mwalimu. Linauma kama jino lako, ila mimi sikupewa nafasi ya kusema hili ni jicho."

Jino likapiga, Mwalimu akafumba macho.

"Unataka nini?"

"Kesho ni Alhamisi. Timu ya macho ipo, na meno wako mlango wa pili. Tunakwenda wote, mchana, kwa lango kubwa."

Akili ya Mwalimu, hata ikiwa na maumivu, haikuacha kazi. "Sawa, sawa. Nitasema nakusindikiza wewe. Nikishaingia ndani, polepole, nateleza kwa meno..."

"Hapana. Hutafichia jino lako kwenye macho yangu. Mlinzi akikuuliza, utamwambia."

"Nimwambie nini?"

"Unakokwenda."

Alhamisi saa mbili asubuhi walifika langoni wameshikana mikono, yeye kwa kutoona, mumewe kwa kuyumba. Mlinzi akafungua kinywa, na kabla hajaunguruma Mwalimu akasema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu: "Jino bado. Na macho bado. Tumekuja kutibiwa." Mlinzi alifunga kinywa. Halafu akasogea karibu akauliza kwa kunong'ona, kama daktari wa mgongo naye huwa anakuja Alhamisi, maana yeye aliandikwa amepona tangu mwaka juzi.

Mwalimu alipewa namba ishirini na tatu. Ilipoitwa namba nne alikuwa ameshagonga mlango wa meno mara tatu, na nesi akatoka akamwonyesha benchi kwa kidole bila neno. Upande wa pili Fundi aliitwa wa kwanza, kwa sababu wifi yake alikuwa amesimama pale na faili mkononi tangu milango ilipofunguliwa. Daktari alimtazama jicho la kulia, akasema wamelikuta ukingoni; wiki mbili zaidi asingeahidi chochote. Upasuaji ulichukua dakika ishirini na mbili. Fundi aliomba muda wote, na safari hii hakulazimika kumdanganya aliyekuwa akimwomba.

Ijumaa bandeji ilipoondolewa, akaona sindano. Wifi yake alikuwa ameibeba makusudi, na uzi. Fundi aliupitisha mara ya kwanza, akaangua kilio, wifi mtu naye akafuata.

Jumapili kanisa lilijaa kupita siku zote. Besi ya mlinzi ilikuwa imesikika mtaa mzima. Kabla mchungaji hajauliza nani ana shukrani, Mwalimu alisimama. Gego lilikuwa limeng'olewa na shavu lililobaki na uvimbe lilimfanya aburute kila neno, lakini pengo halikumpunguzia kitu.

"Wapendwa, nilisema! Miezi kumi na mitatu iliyopita nilisimama hapa nikasema mke wangu anaona. Leo je, haoni? Hiyo ndiyo subira!"

Wengine wakaanza kupiga makofi. Katibu akafunua kitabu, akatafuta ukurasa, akaandaa kalamu kuandika: imetimia. Fundi akasimama.

"Ngoja kwanza, katibu. Ukiandika, andika vizuri. Andika kwamba Mungu alikuwa tayari tangu Alhamisi ya kwanza. Daktari alikuwepo, kitanda kilikuwepo, jina langu lilikuwepo. Miezi kumi na mitatu yote iliyofuata tulikuwa tunamsubirisha yeye."

Kalamu ya katibu ikabaki hewani. Mwalimu akakaa taratibu. Mchungaji, aliyejua la kufanya ibada inapokwama, akaipa kwaya ishara isimame iimbe.

Kwaya ikasimama, na Fundi akaiona. Walikuwa wamevaa sare mpya, zile alizoshona yeye kwa vidole miezi mitano nyuma, ishirini na nne, na siku alipozikabidhi walimpigia vigelegele. Kola ya huyu ilikuwa imelala upande mmoja. Pindo la yule lilipanda na kushuka. Mikono miwili haikulingana urefu, vifungo vilivuka tundu moja, uzi mweusi ulipita juu ya kitambaa cha buluu kama njia ya mchwa. Na kifuani pa kiongozi wa kwaya mfuko ulikuwa umeshonwa kichwa chini, mdomo unatazama sakafu. Miezi mitano walikuwa wamezivaa kila Jumapili, wakisimama mbele ya watu, na watu wakitazama.

Joto la aibu likampanda Fundi kutoka kifuani hadi masikioni. Aliacha benchi, akaenda mbele mpaka akamfikia kiongozi wa kwaya, binti aliyemshonea tangu gauni la ubatizo. Akaugusa ule mfuko.

"Mwanangu, uliliona hili?"

Binti akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Niliona, mama."

"Na wenzako?"

"Wote tuliona."

"Mbona hamkuniambia?"

Binti alimtazama mchungaji, akamtazama katibu, mwisho akatazama miguu yake.

"Tungekuambiaje, mama? Kitabuni ulikuwa umeshapona."